Mashine Chini ya Bwawa

Jumatatu, 18 Agosti

Chupa imegoma kuzama tena. Kipindi cha tatu, Kidato cha Pili, wasichana arobaini wameinama juu ya karai la maji ya pipa la maabara, na chupa yangu inaelea kama bata. Nilikuwa nimeifunga misumari tumboni iwe nzito. Haikutosha. Nimeongeza mitatu. Ikazama nusu, ikasimama wima, ikabaki hivyo mpaka kengele.

Wamecheka. Nami nimecheka.

Somo lenyewe ni jepesi mdomoni. Nyambizi ina matangi pembeni mwa mwili wake. Chini ya kila tangi kuna matundu yanayopitisha maji ya bahari. Juu kuna valvu. Ikiwa inaelea, valvu zimefungwa na tangi limejaa hewa. Maji yanataka kuingia kwa chini lakini hayana pa kukaa. Nahodha akitaka kuzama anafungua valvu za juu. Hewa inatoka, maji yanapanda yenyewe, hakuna anayeyasukuma. Chombo kinakuwa kizito kuliko maji kinayoyasogeza. Kinashuka. Akitaka kuibuka anafunga valvu, anaachia hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi, na hewa inayafukuza maji kwa matundu yaleyale yaliyoingilia.

Mimi bahari sijaiona. Ziwa Nyasa nimeliona mara mbili, zote kukiwa na ukungu, kwa hiyo sina hakika kama nimeliona.

Msichana mmoja wa dirishani ameuliza: "Madam, aliye ndani anajuaje kwamba anashuka?"

Nimemjibu kuna kipimo cha kina. Jibu ni sahihi. Swali limenifuata mpaka nyumbani, limekaa nami wakati nachambua mboga.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeota nimo ndani yake. Chumba kidogo cheupe, kiti kimoja, dirisha la duara. Tunashuka. Juu yangu mapaa ya bati ya Songea yanapita polepole kama mawingu, na mlima wa Matogoro ni kisiwa. Sikuogopa. Hakukuwa na sauti yoyote. Kuamka, nje ukungu umefunika mpaka uzio wa jirani. Nimekaa kitandani nikisubiri kujua niko upande gani.

Chupa imezama leo. Nimetoboa tundu chini, nimepitisha mpira wa dripu juu. Ukiachia mpira, inashuka. Ukipuliza, inapanda. Wamepanga foleni kupuliza.

Alhamisi, 21 Agosti

Mama amepiga simu saa nne, wakati wa chai. Mama hapigi simu asubuhi.

Mashine ya kuvuta maji ya kikundi cha bustani cha kijijini kwetu, Mpitimbi, imezama bwawani. Ilikuwa juu ya chelezo, fremu ya mbao iliyofungwa juu ya mapipa mawili. Jana mchana chelezo kilipinduka. Pipa moja limebaki juu. Jingine limekwenda chini pamoja na mashine.

Mwendesha mashine ni mdogo wangu, Oswini.

Nimeuliza kama yuko mzima. Mama amesema yuko mzima, kwa sauti ya mtu anayetaja aibu. Wanasema alikuwa amelewa, hakufunga kamba. Oswini hajagusa pombe tangu Pasaka. Nimemwambia Mama hivyo. Amesema vocha inaisha.

Nina hasira. Sijui na nani.

Jumamosi, 23 Agosti

Mpitimbi. Nimekuja na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope.

Bwawa limetulia. Hilo ndilo lililoniudhi kwanza. Kijani kibichi, anga yote imo ndani, kereng'ende wanagusa maji na kuondoka. Unaweza kulitazama kutwa nzima na usiamini kuna chuma pale chini. Kina chake katikati ni kama watu watatu wakisimamiana mabegani. Pipa jekundu limevutwa ukingoni. Kizibo chake kipo, kimekaza. La bluu ndilo lililozama.

Akina mama wanabeba maji kwa ndoo kichwani, kutoka bwawani mpaka kwenye matuta. Nyanya zimeanza kuweka maua. Kabichi zinafunga. Mama yangu ana miaka sitini na nne na leo amebeba ndoo kumi na tisa. Nilikuwa nazihesabu bila kutaka.

Wamejaribu kuvuta. Oswini alipiga mbizi, akafunga kamba kwenye fremu. Alijifunza kuogelea Mbamba Bay, miaka ile alipokuwa kwa wavuvi. Watu ishirini wakavuta. Mashine imenasa kwenye visiki vya miti iliyokuwepo kabla bwawa halijachimbwa. Kamba ikakatika. Watu ishirini chini kwa mgongo, hakuna aliyecheka.

Kisha mkutano. Mwenyekiti wa kikundi ni Mzee Nchimbi, mtu mpole, anasema polepole kama anayepima mbegu. Alisema pipa lililobaki ni zima na kizibo kipo, kwa hiyo tatizo halikuwa mapipa. Akamuuliza Oswini kilichotokea.

"Sikuwa nimekunywa," alisema Oswini.

Hakuongeza neno. Watu walisubiri. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Miaka ishirini na tisa, na amekaa kama mtoto aliyeitwa ofisini.

Wamemwondoa kwenye mashine. Isipotoka ndani ya wiki mbili atapelekwa ofisi ya kata. Mama hakumtazama. Nilitaka Mama amtazame.

Jumapili, 24 Agosti

Misa ya kwanza, kisha bodaboda kurudi mjini. Kanisani nilikuwa nafikiria mapipa. Padri anahubiri, mimi najaza maji, natoa maji.

Njia ipo. Huwezi kuivuta kwa pembeni kwa sababu ya visiki. Lazima inyanyuke wima. Mapipa mawili matupu, yajazwe maji yazame, yafungwe kwenye fremu huko chini, kisha yapulizwe hewa. Hewa itafukuza maji. Pipa moja la lita mia mbili linaweza kunyanyua karibu kilo mia na themanini. Ndivyo inavyoibuka nyambizi. Sioni kwa nini isiwe ndivyo inavyoibuka mashine ya kumwagilia nyanya.

Nimefurahi njia nzima. Dereva wa bodaboda amegeuka mara mbili kutazama kama nazungumza naye.

Jumanne, 26 Agosti

Sitaandika mengi.

Jioni nilikuwa nafungua pipa la maabara ili nimwage maji. Nilishika kizibo. Pembeni kina rangi ya bluu, kipande cha ukubwa wa kucha. Pipa la shule ni jeusi.

Likizo ya Juni nilikwenda nyumbani. Nyuma ya jiko la Mama kulikuwa na pipa la bluu, limelala, kuku wanajikinga jua chini yake. Pipa la shule halikuwa na kizibo. Nilichukua spana ya marehemu baba nikafungua kizibo cha lile la bluu. Oswini alinishikia pipa lisiviringike. Alisema, "Mama atauliza." Nikasema nitakirudisha.

Julai kikundi kilitengeneza chelezo. Mama alilitoa pipa lile.

Sasa najua kwa nini chelezo kilipinduka. Nilikuwa nimeshika jibu mkononi tangu Juni, nikilifundishia.

Jumatano, 27 Agosti

Sijamwambia mtu.

Nimejaribu kujitetea. Kwamba waliona pipa halina kizibo wakalitumia hivyohivyo. Kwamba ningeulizwa ningekirudisha. Kwamba huenda halikuvuja. Nimezunguka hoja hizo tangu alfajiri kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta mlango.

Kipindi cha nne niliandika ubaoni, nikageuka, nikasahau nilikuwa nasema nini. Wasichana walinisubiri. Nje jua lilikuwa laini, upepo wa Agosti unasukuma majani makavu uwanjani yote kwa pamoja, kama samaki wadogo. Niliyatazama muda mrefu. Yule wa dirishani akasema kwa upole, "Madam, tulikuwa kwenye kuelea."

Mwoga. Hilo ndilo neno.

Ijumaa, 29 Agosti

Shule imefungwa, likizo fupi. Nimekwenda kwa Issa, fundi pancha karibu na stendi. Ni Myao wa Nakapanya, ana kompresa ya petroli na mpira mrefu wa hewa. Nimemchorea kwenye karatasi: pipa limesimama chini ya maji, matundu yake yameelekea chini, mpira umeingizwa kwa tundu kubwa.

Ameitazama karatasi, ameigeuza, ameirudisha.

"Mwalimu, upepo ukiingia kwa chini si utatokea palepale kwa chini?"

Nimemwambia hewa haikubali kukaa chini ya maji, itapanda mpaka kwenye kitako cha pipa kilichoelekea juu, ikae pale, ijae, iyasukume maji. Yakitoka yote, itakayozidi ndiyo itatoka kwa tundu. Na hilo ni jema, maana pipa likipanda hewa ndani yake inatanuka. Tundu lisipokuwepo pipa linaweza kupasuka.

Akafikiri. "Kumbe tundu ni la kuingilia na la kutokea."

"Yote mawili."

"Basi inshallah Jumatatu. Maji sijawahi kuyajaza upepo. Nataka kuona."

Mkuu wa shule ameniruhusu kuchukua pipa jeusi. Kizibo nimekitia mkobani. Ni kizito kuliko kinavyopaswa kuwa.

Jumamosi, 30 Agosti

Mpitimbi. Pipa jeusi limekuja kwa kirikuu, mimi mbele na dereva, pipa nyuma linaimba kila tukipita shimo.

Nimemkuta Oswini ukingoni, peke yake, anasuka kamba mbili ziwe moja. Amekonda. Watu wakipita wanamsalimia bila kusimama. Nimekaa karibu naye. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Songea. Yamekwisha yote.

"Oswini, kizibo cha pipa la bluu ninacho mimi."

Aliendelea kusuka. "Najua."

"Umejua lini?"

"Tangu Julai, tulipofunga chelezo. Nililiziba kwa gunzi la mahindi, nikalizungushia nailoni. Nikaona linatosha." Alivuta kamba kwa meno. "Gunzi likilowa linavimba, linakaza. Baadaye linaoza. Hilo la kuoza sikulifikiria."

"Mbona hukusema mkutanoni?"

"Niseme dada yangu alichukua kizibo? Mimi wameshanizoea. Wewe bado wanakuita mwalimu."

Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Hakuwa na uchungu wowote. Hapo ndipo nilipoumia. Nilitaka anitukane.

Ameniomba nisiseme. Mashine itoke kwanza, alisema, mengine yatajipanga. Nimekubali. Nimekubali haraka mno.

Jumapili, 31 Agosti

Ndoto tena, usingizi wa mchana baada ya Misa. Niko kwenye kiti kile, chumba kile cheupe. Natafuta valvu. Ziko nyingi ukutani, zote za bluu, zote zimefungwa vizuri. Nje ya dirisha Oswini anapita, anaogelea bila haraka, ananipungia mkono.

Niliamka. Kuku walikuwa wanaparua nje ya mlango.

Jumatatu, 1 Septemba

Imeshindikana.

Issa alifika saa tatu na kompresa yake. Tulijaza maji mapipa mawili, jekundu na jeusi. Yalizama taratibu, yakitoa mapovu makubwa, kama yanasema jambo. Oswini alipiga mbizi mara nyingi nisizozihesabu. Akayafunga kwenye fremu, moja kila upande, kamba imezunguka kiunoni mwa kila pipa. Akaingiza mpira kwenye jeusi. Akaibuka, akashika ukingo. Issa akawasha.

Mwanzoni ilikuwa nzuri mno. Uso wa bwawa ukaanza kuchemka sehemu moja, polepole, maji meupe juu ya kijani. Akina mama wakaweka ndoo chini.

Oswini akasema kamba inalegea, akazama kwenda kuona. Hapo ndipo pipa lilipochomoka. Hewa ilikuwa imejaa upande mmoja tu, kamba ikateleza kiunoni mwa pipa, nalo likaja juu kama mtu aliyeitwa. Liliruka nje ya maji lote. Lilimgonga begani likiwa linapita.

Aliibuka mwenyewe. Bega limevimba, halikuvunjika. Nilikuwa nimeingia majini mpaka magotini na viatu vyangu bila kujua.

Kosa ni langu. Nilifundisha matangi, nikasahau uwiano. Nyambizi haijazi upande mmoja ikaacha mwingine, na ina matangi madogo ya kuweka mwili wake sawa. Mimi nilijaza pipa moja kama anayejaza ndoo. Na kamba ya kiunoni haifai. Ipite chini na juu, pande mbili, kama unavyofunga mzigo wa kuni.

Watu wakaokota ndoo, wakaondoka. Nilisikia mwanamke mmoja: "Sasa anataka kufia humo ili tumwonee huruma."

Sikulala mchana wala sikula.

Jumanne, 2 Septemba

Nimesema.

Mzee Nchimbi alikuwa ameitisha kikao tuamue kama tujaribu tena. Watu walikaa kwenye nyasi juu ya tuta. Oswini alisimama pembeni, mkono umefungwa khanga ya Mama. Nilisimama kabla sijaitwa. Nikatoa kizibo mkobani, nikamwekea Mzee Nchimbi kwenye kiganja.

Nimesema nilikichukua Juni bila kuomba. Nimesema Oswini alijua, na amenyamaza kwa ajili yangu. Nimesema hakuwa amelewa. Sauti yangu ilikuwa ya darasani, ndiyo niliyo nayo.

Mzee Nchimbi alikigeuza kizibo. "Mwalimu, uliona ni kitu kidogo?"

"Ndiyo, mzee. Niliona ni kitu kidogo."

Akatikisa kichwa, sijui kukubali au kusikitika. Yule mwanamke wa jana akasema dada lazima amtetee mdogo wake, vizibo vya mapipa viko tele mjini, nani anajua hiki ni cha wapi. Wengine wakaguna. Mzee akasema basi pipa la bluu ndilo litakalosema. Likitoka na gunzi, tumejua. Likitoka bila gunzi, tumejua pia. Kesho itakuwa mara ya mwisho.

Mama aliinuka, akapangusa sketi yake, akaenda. Nilimfuata mpaka jikoni.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema. "Siyo mbele ya watu. Mimi ndiye niliyelitoa lile pipa."

Nimekula chakula cha baridi peke yangu. Ni haki yangu.

Jumatano, 3 Septemba

Niandike taratibu, nisiharibu.

Asubuhi ukungu ulikuwa juu ya maji, hauondoki. Sauti za watu zilikuja kabla ya watu. Tulianza hivyohivyo. Oswini alisema bega linatosha. Mpango mpya: yeye na mimi tuna kamba moja nyembamba, ncha moja kiunoni kwake, nyingine mkononi kwangu. Akivuta mara moja, kazi inaendelea. Akivuta mara mbili, nimvute. Mimi nikivuta mara mbili, apande.

Alikwenda chini. Akapanda, akapumua, akashuka. Mara ya kwanza alifunga pipa jekundu, kamba chini na juu. Mara ya pili na ya tatu, jeusi, tulilokuwa tumelijaza maji upya. Mara ya nne ilikuwa ya kukagua mafundo tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndefu.

Nilihesabu kwa moyo. Mapovu yalikuja machache, kisha yakaacha. Maji yakafunga. Ukungu ulikuwa umeanza kunyanyuka, na chini yake bwawa lilikuwa linang'aa, laini kabisa, na nikajikuta nalipenda, nikawa nimesahau kwa kitambo kwamba mdogo wangu yumo. Kisha nikakumbuka. Mkono ukavuta wenyewe. Mara mbili, halafu mara nyingi, hovyo.

Alipanda. Alikaa ameshika nyasi za ukingo, anapumua, ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Nikamwomba radhi kwa kumkatisha. Akasema, "Mafundo yako sawa."

Issa akawasha kompresa. Safari hii kidogo jekundu, kidogo jeusi. Oswini anahamisha mpira, anapanda, anashuka, anahamisha. Nusu saa hivyo. Issa alikuwa anasoma geji yake kwa midomo.

Halafu bwawa likapata mgongo. Sina namna nyingine ya kulisema. Katikati maji yalivimba, yakawa mviringo, yakapasuka taratibu, na vitako vya mapipa mawili vikatoka kwa pamoja, jekundu na jeusi, hewa iliyozidi inavuja chini yake kwa mapovu meupe kila upande. Kati yake, sentimita chache chini ya maji, fremu. Na mashine juu yake, imevaa majani na tope, imekaa sawa.

Tulivuta kwa kamba mpaka kwenye maji mafupi. Ilikuja nyepesi. Watoto wangeweza kuivuta.

Pipa la bluu lilikuwa linaburutwa nyuma, bado limefungwa waya kwenye fremu. Mzee Nchimbi alikunja suruali akaingia. Alipapasa tundu. Akaingiza kidole. Akatoa kipande cheusi cha gunzi, laini kama ugali wa jana, na nailoni imening'inia. Alikiinua wote wakione. Yule mwanamke alikitazama muda mrefu kuliko wengine, kisha akaenda kuchukua ndoo yake.

Mzee Nchimbi alipangusa kidole kwenye suruali. Akamwendea Oswini.

"Pole," alisema.

Oswini akasema, "Asante, mzee."

Issa alikuwa amekaa juu ya kompresa yake iliyozimwa. "Alhamdulillahi," alisema taratibu. "Matairi yote yale, miaka yote ile. Sikujua upepo unafanya hivi."

Ijumaa, 5 Septemba

Siku mbili za kufungua, kuosha, kukausha. Oswini ameitandaza mashine vipandevipande juu ya turubai, kila kipande mahali pake, hakuna anayeruhusiwa kuvuka. Wamemrudishia kazi bila mkutano. Alianza tu, hakuna aliyemzuia.

Leo saa nane imekohoa, imezima, imekohoa. Mara ya sita imeshika. Moshi mweusi, kisha wa kijivu, kisha hakuna. Maji yamefika kwenye mfereji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa.

Matuta manne ya nyanya yamekufa. Mawili ni ya yule mwanamke. Nimekwenda kwake kumwomba msamaha. Amesema amesikia. Hakusema amesamehe. Sina cha kudai. Wiki ijayo nitamsaidia kupanda upya, nimeshamwambia, na hakukataa.

Pipa la bluu lina kizibo chake. Oswini amekitia grisi.

Mama bado ananijibu kwa "ndiyo" na "hapana."

Jumapili, 7 Septemba

Hakuna upepo leo. Baada ya Misa nimetembea mpaka bwawani. Oswini alikuwa juu ya tuta, amelala chali, mikono chini ya kichwa. Nikalala pembeni yake. Mbingu ilikuwa juu na mbingu ilikuwa pembeni yetu, ndani ya maji. Mfereji ulikuwa unasikika.

Tulikaa hivyo labda saa nzima. Kisha akaanza kuzungumza, jambo ambalo si kawaida yake. Alisema chini kule kuna kijani ambacho juu hakipo. Alisema visiki bado vina magome. Alisema ukishika kitu ili usipande, mwili unaacha kuwa na uzito, huendi juu wala chini, na masikio yanajaa ukimya kama pamba.

"Mara ile ya nne," alisema, "mafundo niliyamaliza mapema. Nikashika fremu nikakaa tu. Sikuwa nimechoka, dada. Niliona nikae."

Kereng'ende alitua kwenye goti lake akaondoka.

Nikamuuliza kwa nini alipanda.

"Kamba ilivutwa. Nikajua ni wewe. Unavuta vibaya, kama mtu anayetoa ng'ombe shimoni. Nikaona nisipopanda utaingia na viatu vyako tena."

Hakucheka. Nimemshika mkono, hakuuondoa. Kiganja chake kina malengelenge ya kamba. Nimemwambia nitakaa wiki yote, na baada ya hapo nitakuja kila Jumamosi, na ataniambia akiona hivyo tena, hata kama niko darasani. Alifikiri kwanza, ndipo akasema sawa.

Jua liliposogea akasema anasikia njaa. Tumetembea mpaka nyumbani bila haraka, yeye mbele, mimi nyuma.

Mama alikuwa jikoni. Hakugeuka. Mezani palikuwa na sahani tatu.